Kabureta Mpakani: Kwa Nini Injini za Magari Huvuliwa Kompyuta Arua na Koboko

Kuiondoa injini ya gari katika mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta na kuirudisha kwenye kabureta ni kazi isiyofundishwa na kiwanda chochote, ilhali katika gereji za Afrika Mashariki inafahamika vyema, na katika ukanda wa Nile ya Magharibi nchini Uganda, kuanzia kituo cha mpakani cha Vurra kupitia jiji la Arua hadi Koboko na Oraba, karibu kila sababu inayoizaa kazi hiyo imekusanyika mahali pamoja. Wapo wanaoitazama kama kurudi nyuma, na wapo wanaoitaja kama dalili ya fundi asiyejua umeme. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Kabureta inapopachikwa kwenye injini iliyozaliwa bila kabureta, mara nyingi chanzo cha uamuzi huo hakimo ndani ya injini yenyewe, kwa kuwa kimo katika petroli inayonunuliwa njiani, katika umbali wa duka la spea, na katika swali la nani atakuwa karibu pale gari litakapozima.

Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa hewa na petroli, na uwiano unaoiwezesha petroli yote kuungua bila kubakiza hewa ya ziada ni takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Mifumo hii miwili hutofautiana katika namna ya kuufikia uwiano huo. Kabureta hutumia umbo la njia ya hewa: pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia bomba lililobanwa katikati, na hewa hiyo ikifika penye kibano huongeza mwendo na kupungua kanieneo, yaani msukumo wake kwa vitu vinavyoizunguka, kama Mto Nile unavyochapuka unapobanwa katika mwanya wa mita 7 hivi kwenye Maporomoko ya Murchison. Upungufu huo huivuta petroli kutoka katika kibakuli kilicho pembeni, ikapita kwenye tundu jembamba liitwalo jeti na kutawanyika hewani. Ndani ya kibakuli hicho mna floti, yaani boya linalopanda pamoja na petroli na kuisukuma sindano inayoziba mlango wa mafuta, hivyo kimo cha petroli hubaki palepale. Katika umbo lake la msingi kabureta haihitaji waya wala betri, na kila sehemu yake inaonekana kwa macho na kufunguka kwa bisibisi.

Mfumo wa kupuliza, ambao mafundi huuita EFI, huifanya kazi hiyo kwa hesabu. Nozeli, ambayo ni vali ndogo ya umeme, hufunguka kwa sehemu chache za elfu za sekunde na kurusha petroli yenye kanieneo kubwa, na muda wa kufunguka huamuliwa na kompyuta, maarufu kama kontroli boksi, ambayo husoma sensa kadhaa: wingi wa hewa inayoingia, joto la maji ya injini, nafasi ya akselereta, na oksijeni iliyobaki katika moshi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliuingiza mfumo wa aina hii katika uzalishaji mkubwa mwaka 1967, ulipofungwa kwenye Volkswagen 1600 zilizokusudiwa kwa soko la Marekani, na sheria kali za moshi zilizotungwa California na Japani katika miaka ya 1970 ndizo zilizousambaza, kwa sababu kichujio cha kemikali kinachofungwa kwenye bomba la moshi hufanya kazi ipasavyo pale tu uwiano wa hewa na mafuta unaposhikiliwa kwa usahihi ambao kabureta ya kawaida haiuwezi. Katika magari ya Toyota, ambayo ndiyo yaliyotawala barabara za Uganda, historia hiyo inasomeka katika namba za injini: herufi E inayofuata kistari humaanisha kwamba injini hupuliza mafuta kwa umeme, kwa hiyo 4A-F ni injini ya kabureta na 4A-FE ni ndugu yake wa kompyuta, vivyo hivyo 22R na 22R-E, au 1RZ na 1RZ-E. Ukoo huu una uzito katika mjadala, kwa maana injini yenye ndugu wa kabureta inaweza kubadilishwa kwa vipuri vilivyobuniwa na kiwanda, na isiyokuwa naye haina pa kuazima.

Uganda haina kiwanda cha kusafishia mafuta, hivyo petroli yake huagizwa kutoka nje na sehemu kubwa hupitia Kenya, na hadi kufika Arua hubakiwa na safari ya takribani kilomita 500 kutoka Kampala. Baadhi ya malori ya mafuta hayaishii Arua, kwa kuwa huvuka Vurra kuelekea Aru na miji mingine ya mashariki ya Kongo yakiwa na shehena ya kupita tu, ambayo haitozwi kodi ya Uganda. Kwa miongo kadhaa sehemu ya shehena hiyo ilirudi Arua kwa njia za panya, ikiwa imemiminwa katika madumu, na kuuzwa kando ya barabara na vijana waliojulikana kama Opec Boys, jina lililoazimwa kutoka kwa umoja wa nchi zinazouza mafuta duniani. Mtafiti wa Kibelgiji Kristof Titeca, aliyeichunguza biashara hiyo kwa kina, ameeleza namna ilivyochipuka miongoni mwa watu wa Nile ya Magharibi waliokimbilia Zaire na Sudani baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wakarejea wakiwa na ujuzi wa njia za mpakani na bila ajira nyingine ya kuwapokea. Kwa mwanauchumi hiyo ni habari ya kodi na ukosefu wa kazi. Kwa injini ni habari ya petroli iliyomiminwa kutoka chombo hadi chombo, na kila mmiminiko huongeza vumbi, kutu na matone ya maji ambayo hayakuwamo lori lilipoondoka bohari.

Maji na mchanga ni adui wa kwanza, na uchakachuaji ni wa pili. Mafuta ya taa yanapotozwa kodi ndogo kuliko petroli, mchuuzi hupata faida kwa kuyachanganya, na tatizo hilo haliko Uganda pekee, kwani serikali ya Kenya ililazimika mwaka 2018 kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa lengo la kuifuta faida hiyo. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi wa petroli, huifanya injini igonge kabla ya moto wa cheche kuenea vizuri, na huacha masizi kwenye plagi na kwenye sensa ya oksijeni, ambayo baada ya hapo huipelekea kompyuta habari za uongo.

Mifumo hii miwili huupokea uchafu kwa namna tofauti kabisa. Maji yakiingia kwenye kabureta hutua chini ya kibakuli, gari likakohoa na kuzima, na fundi hufungua parafujo moja, humwaga kilichomo, hupuliza jeti kwa pampu ya tairi, na safari huendelea. Maji yaleyale yakifika kwenye nozeli huota kutu ndani ya vali isiyofunguliwa kwa bisibisi, na mchanga huziba kichujio chake kidogo, na tiba ya uhakika ni mashine ya kusafishia ambayo si kila mji unayo. Lipo pia jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Katika magari mengi ya EFI pampu ya umeme imezamishwa ndani ya tangi, nayo hupozwa na petroli inayoizunguka. Dereva anayenunua lita moja au mbili kila asubuhi, kwa kuwa ndicho kipato cha siku kinachoruhusu, huendesha gari likiwa na tangi karibu tupu, na pampu hufanya kazi ikiwa wazi hewani huku ikifyonza mashapo ya sakafuni, hadi inaungua. Umaskini wa mnunuzi huingia hivyo moja kwa moja katika maisha ya chombo, na gari hulaumiwa kwa udhaifu usiokuwa wake.

Baada ya pampu ya pili au ya tatu kufa, mwenye gari huomba kabureta.

Kazi huanzia kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, yaani chuma chenye mabomba yanayoigawa hewa kwa kila silinda. Ile ya EFI hupitisha hewa kavu, kwa sababu petroli hurushwa mwishoni kabisa karibu na vali, ilhali ile ya kabureta hupitisha mchanganyiko uliokwisha kuloa, na kwa sababu hiyo mabomba yake ni mafupi na sakafu yake kwa kawaida hupashwa joto na maji ya injini ili petroli isirudi kuwa matone kwenye kuta. Fundi anayeijua kazi yake hutafuta gari kuukuu lenye injini ya ukoo uleule, akachukua manifoldi, kabureta, kasha la kichujio cha hewa na distribyuta vyote kwa pamoja. Fundi aliyekosa seti hiyo huchonga bamba la alumini na kuikalisha kabureta kwenye mdomo wa manifoldi ya EFI, ambako gari huwaka na kutembea, lakini silinda zilizo mbali na kabureta hupata mchanganyiko mwembamba kuliko zilizo karibu, na injini hutetemeka katika sailensi, yaani mwendo wake mdogo gari likiwa limesimama. Bamba hilo ndilo lililoipa kazi nzima sifa mbaya.

Hatua inayofuata ni kanieneo ya mafuta, na hapa ndipo penye hatari ya kweli. Pampu ya EFI husukuma petroli kwa kanieneo ya baa 2.5 hadi 3, wakati sindano ya floti ya kabureta imeundwa kuzuia kama sehemu ya kumi tu ya hiyo, yaani kati ya baa 0.2 na 0.35. Pampu ya zamani ikiachwa mahali pake, petroli huishinda sindano, hufurika kibakuli na kumwagika juu ya injini yenye moto. Ni lazima ifungwe pampu ya kabureta, ama ya kimekanika inayosukumwa na shafti ya injini ama ya umeme yenye kanieneo ndogo, pamoja na bomba la kurudisha ziada tangini. Pampu ya umeme inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa mfumo wa kiwandani huikatia umeme pampu mara injini inapoacha kuzunguka, ili gari likipata ajali petroli isiendelee kumiminika. Fundi akiiunganisha pampu mpya moja kwa moja na swichi ya ufunguo, kinga hiyo hutoweka, na gari lililopinduka litaendelea kujimwagia petroli hadi mtu azime ufunguo. Kuirejesha kinga hiyo kwa relei inayosikiliza mizunguko ya injini ni kazi ndogo, na hakuna sababu inayokubalika ya kuiacha.

Cheche nayo hudai uamuzi. Katika injini za zamani distribyuta ilikuwa na vipande vya chuma vinavyotanuka kwa mzunguko na kiwambo kinachovutwa na mvuto wa manifoldi, na viwili hivyo viliiwahisha cheche kulingana na mwendo na mzigo wa injini. Distribyuta ya EFI kwa kawaida haina vitu hivyo, kwa kuwa wakati wa cheche huhesabiwa na kompyuta, na kompyuta ikiondolewa cheche hukosa mwongozo. Ama distribyuta ya kabureta ifungwe, ama kompyuta iachwe na sensa zake iongoze cheche pekee, na njia hiyo ya pili ni nzuri kuliko inavyodhaniwa. Gari lenye giaboksi ya otomatiki inayotegemea kompyuta hiyohiyo kubadili gia lisiguswe kabisa.

Kinachopotea baada ya kazi hiyo ni kikubwa, na mwenye gari anastahili kuelezwa kabla ya kulipa. Kabureta haijui urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Arua iko katika mita 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 11 kuliko ile ya Mombasa, hivyo kabureta yenye jeti zilizopangwa kwa ajili ya pwani huipa injini ya Arua petroli nyingi kuliko hewa inayoweza kuiunguza, moshi ukawa mweusi na plagi zikajaa masizi, mpaka jeti ziwe ndogo zaidi. Sensa ya EFI huipima tofauti hiyo yenyewe. Gari la EFI linaposhuka mteremko dereva akiwa ameinua mguu kwenye akselereta, kompyuta huzifunga nozeli na petroli haitumiki, wakati kabureta huendelea kutiririsha, na barabara inayoshuka kutoka nyanda za Arua kupitia Nebbi hadi bonde la Nile pale Pakwach ni mahali pa kuihesabu hasara hiyo. Pakwach kwenyewe kuna joto, na petroli iliyo katika kanieneo ndogo huweza kuchemka ndani ya bomba au kibakuli gari likisimama baada ya safari ndefu, likakataa kuwaka hadi lipoe, ilhali petroli ya EFI hulindwa na kanieneo yake kubwa. Kichujio cha kemikali hakivumilii petroli isiyoungua. Huwaka ndani na kuyeyuka.

Uzito wa hasara hizo ndio unaofanya sababu ya mabadiliko ichunguzwe kwa makini, na mara nyingi uchunguzi huo haufanyiki. Chukua sensa ya joto la maji, kidude kidogo chenye nyaya mbili. Ikikatika, kompyuta hukosa habari ya joto, na ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta huongeza petroli kwa saa zote za safari. Gari hula mafuta, hutoa moshi mweusi, huwaka kwa taabu likiwa na moto, na mwenye gari huambiwa kwamba EFI imemshinda. Toyota za miaka ya 1990 zenyewe hueleza ugonjwa huo bila mashine yoyote. Chini ya boneti mna kikasha chenye maandishi ya utambuzi wa hitilafu, na kipande cha waya kikiunganisha matundu ya TE1 na E1 ufunguo ukiwa umewashwa, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kumeta kwa mpangilio wa tarakimu mbili: kumeta mara mbili na tena mara mbili ni 22, sensa ya joto la maji, 31 ni kipimo cha hewa, 41 ni sensa ya nafasi ya akselereta. Elimu hiyo ni waya wa sentimita chache na ukurasa mmoja wa orodha, nayo ingepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila gereji kabla ya bisibisi ya kwanza kugusa manifoldi. Injini iliyovuliwa kompyuta kwa ajili ya sensa moja iliyokatika imeonewa, na mwenye gari ameonewa pamoja nayo kila anaponunua petroli.

Palipo na tangi lililosafishwa, kichujio cha mafuta kinachobadilishwa kwa wakati na petroli ya kituo kinachoaminika, EFI huishi Arua kama inavyoishi kwingine. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, imeondoa sehemu kubwa ya vumbi lililokuwa likiziba vichujio vya hewa na kuzitikisa nyaya hadi zikatike. Kabureta huhalalika mahali pengine: nyaya za injini zikiwa zimetafunwa na panya au kuungua zote, kompyuta ikiwa imekufa na ya kubadilisha haipatikani, na gari likiwa ni la kupeleka mzigo ng'ambo ya Oraba kuelekea Yei, au ng'ambo ya Vurra kuelekea vijiji vya Aru, ambako lami huisha na fundi mwenye vifaa vya kupimia ni safari ya siku. Katika hali hiyo uwezo wa dereva kulifufua gari kwa mikono yake una thamani kuliko lita zinazopotea, na fundi anayempa uwezo huo kwa vipuri vya ukoo sahihi, pampu sahihi na cheche iliyopangwa vyema amefanya uhandisi unaostahili kuheshimiwa kwa jina hilo.

Muda wa kufanya hivyo, hata hivyo, unafupika. Uganda ilirekebisha sheria yake ya barabara mwaka 2018 na kupiga marufuku uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, na magari ya kawaida ya Kijapani yaliyo chini ya umri huo hayana kabureta hata moja ya kuazimwa. Injini zilizoingia baada ya marufuku hiyo, kama 1NZ-FE na 1ZZ-FE za Toyota, hazijawahi kuwa na ndugu wa kabureta; hazina distribyuta, kwa kuwa kila plagi ina koili yake inayoamriwa na kompyuta, na hata muda wa kufunguka kwa vali hurekebishwa na kompyuta hiyohiyo, kiasi kwamba kuivua ni kuiua injini. Kabureta zinazobaki ni za magari yaliyokwisha kufa na za kuiga zinazotoka China, ambazo jeti zake hazilingani kila mara na namba zilizochapwa juu yake.

Ujuzi wenyewe haujafa, kwa sababu umehamia kwenye pikipiki. Vijana wanaohudumia bodaboda za Bajaj Boxer katika vituo vya Arua na Koboko hufungua kabureta kila siku, hupima floti kwa jicho na kupanga sailensi kwa sikio. Lakini India, zinakotengenezwa pikipiki hizo, ilianza tarehe 1 Aprili 2020 kutumia viwango vipya vya moshi vilivyozisukuma pikipiki nyingi za soko lake la ndani kuingia katika mfumo wa kupuliza mafuta, huku matoleo yaendayo Afrika yakiendelea kubeba kabureta. Matoleo hayo nayo yatakapobadilika, nozeli itakuwa imefika hadi kwenye chombo kinachonunuliwa petroli ya chupa moja kwa wakati, na vijana hao watahitaji mwalimu, kipimo cha umeme na petroli safi kabla ya kuhitaji spea.